Udhibiti wa Video za Muziki Mtandaoni nchini Tanzania, 2016–2019

Sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa Na. 23 ya mwaka 1984 ilitungwa wakati muziki ulipomfikia Mtanzania kwa njia chache: redio ya taifa, kanda na jukwaa. Aliyezimiliki njia hizo aliimiliki hatima ya wimbo. YouTube ilipogeuka kuwa mlango mkuu wa Bongo Fleva, msingi huo ulitikisika. Insha hii inadai kwamba kuyumba kwa udhibiti wa maudhui ya ngono katika kipindi hiki kulitokana zaidi na kutumia nyenzo za zamani juu ya njia mpya kuliko ukali au ulegevu wa viongozi.

Mnamo Mei 2016 serikali ilizuia video ya "Chura" ya Snura, ikamzuia pia msanii huyo kufanya maonyesho hadi ajisajili BASATA. Hivyo kosa la picha na kosa la usajili yalifungwa katika adhabu moja. Mapema mwaka 2018, zaidi ya nyimbo 10 zilipigwa marufuku kwenye vituo vya utangazaji. Mtangazaji alibanwa, ilhali mwenye simu aliweza kuendelea kutazama.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Machi 2018 zilikusudiwa kuziba pengo hilo. Mwezi uliofuata Diamond Platnumz alihojiwa na polisi kwa sababu ya picha za video alizoweka Instagram. Novemba BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond. Walipouimba jukwaani Desemba, walizuiwa kutumbuiza kwa muda usiojulikana. Zuio hilo liliondolewa Januari 2019. Kwa mwaka mmoja, basi, maudhui ya aina moja yalishughulikiwa kwa agizo kwa vituo, kwa mahojiano ya polisi na kwa kumnyima msanii riziki yake.

Wimbo uliofuata wa wasanii haohao, "Tetema", unaonyesha utata huo nje ya mipaka. Nchini Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilisema mwaka 2019 kwamba unafaa kupigwa katika vilabu na baa tu. Miaka mitatu kabla, bodi hiyo ilikuwa imeitaka Google iondoe video ya "Same Love" kutoka YouTube, lakini video ikabaki, ikiwekewa onyo tu.

Watetezi wa marufuku walikuwa na hoja nzito: mtoto aliyeshika simu ya mzazi hana bawabu. Hata hivyo, jamii za pwani hazikuwa ngeni kwa lugha ya unyumba. Nyimbo za unyago ziliitamka waziwazi, ila mbele ya walioruhusiwa kuingia. Jadi ililinda mlango na kumwacha mwimbaji aimbe. Sheria ilimfunga mwimbaji na kuuacha mlango wazi.

Historia hii inaonyesha kwamba adhabu iliangukia pale mkono wa dola ulipofika: msanii aliye nchini na kituo chenye leseni. Mtoto aliyetajwa kuwa sababu ya marufuku ndiye aliyenufaika kwa uchache zaidi, na msanii hakuweza kujua mapema mpaka wa ruhusa ulikuwa wapi.