Tezi ya shingo ikizidisha kazi: uliza kwanza ni ugonjwa gani

Moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa, mikono inatetemeka, jasho halikauki, unakula vizuri lakini unakonda. Kibiti mjini au kwenye visiwa vya delta ya Rufiji, mtu akiwa hivi atapimwa malaria, pengine na TB, na wapo watakaosema ana jini. Inaweza kuwa tezi ya shingo, thairoidi, inamwaga homoni kupita kiasi.

Shida ni kwamba dalili hizo huletwa na magonjwa tofauti, na dawa ya hili haisaidii lile.

La kwanza linaitwa Graves. Kinga ya mwili ndiyo inayoichochea tezi, na wanawake ndio wanaopata zaidi. Shingo huvimba sawasawa. Macho nayo yakitokeza, hapo hakuna ubishi sana. Kabimazoli humezwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Wengine hupona, wengine humrudia.

Mzee mwenye rovu la miaka mingi, lenye mabonge, ni habari nyingine. Vidonge vinamtuliza tu, akiacha linarudi. Dawa yake ni upasuaji au iodini ya mionzi, na hiyo ya mionzi ni safari ya Dar, Ocean Road. (Mjamzito na anayenyonyesha hawapewi.) Rovu la namna hii huweza hata kuamshwa na madini joto: Kivu, Kongo, ilitokea miaka ya 1990 chumvi ya madini joto ilipoingia. Usiache chumvi hiyo kwa sababu hii, watoto wanaihitaji.

Mama aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja je? Mara nyingi tezi imeumia tu na homoni inavuja. Kabimazoli hapo ni kazi bure. Hupita yenyewe kwa miezi kadhaa, anapewa propranololi ya kutuliza moyo, ila mwenye pumu aseme mapema. Baadaye tezi huweza kulegea, kwa hiyo arudie kipimo.

Kipimo chenyewe ni damu: omba TSH, kisha T4. Nenda na dawa zako zote, hasa amiodaroni ya moyo, nayo huchokoza tezi.

Ukiwa unameza kabimazoli ukapata homa na koo kuuma, acha dawa, upimwe chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo. Aliye Mbwera au Kiongoroni apange usafiri mapema, maana boti husubiri maji.