Kiazi Sukari, Matone na Maji ya Mto Nile

Tarehe 13 Oktoba, 2024, Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile ulianza kutumika, baada ya kuridhiwa na Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Misri na Sudan hazikuutia saini. Majadiliano juu ya mto huo huhusu zaidi mabwawa, hasa lile kubwa ambalo Ethiopia ililizindua mwezi Septemba, 2025. Hata hivyo, nchini Misri sehemu kubwa kabisa ya maji ya Nile hutumika mashambani. Anayetaka kuelewa hofu ya jirani huyo wa kaskazini hana budi kutazama pia historia ya mazao yake, na zao moja linalofundisha mengi ni sukari.

Misri imeijua sukari ya miwa kwa karne nyingi. Katika karne ya 19 Khedive Ismail alipanua mashamba ya miwa na kujenga viwanda, na mpaka leo miwa hulimwa katika Misri ya Juu, kuanzia Minya hadi Aswan. Lakini mmea huo una kiu kubwa. Hukaa shambani mwaka mzima, pamoja na miezi ya jua kali, na kwa desturi humwagiliwa kwa kufungulia maji ya mfereji yatambae kati ya matuta.

Kwa mkataba wa mwaka 1959 Misri na Sudan zilijigawia maji ya Nile: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, na Sudan bilioni 18.5. Nchi za juu ya mto hazikushirikishwa. Wakati ule Misri ilikuwa na watu wapatao milioni 26, na fungu la kila mtu lilizidi mita za ujazo 2,000. Mwaka 2020 idadi ya watu ilifika milioni 100, na fungu la kila mtu likawa chini ya mita 600. Chungu kilibaki kile kile, ila walaji waliongezeka.

Katika dhiki hiyo Misri ilikigeukia kiazi sukari, mzizi mweupe unaofanana na karoti nene. Zao hili lenyewe lilikuzwa na dhiki. Mwaka 1747 mkemia Marggraf wa Berlin aligundua kuwa sukari yake ni sawa na ya miwa, na mwaka 1801 mwanafunzi wake Achard akaanzisha kiwanda cha kwanza huko Silesia. Vita vya Napoleon vilipoizuia Ulaya kupata sukari ya visiwani, iliyozalishwa kwa jasho la watumwa, mtawala huyo aliamuru mwaka 1811 kiazi hicho kipandwe kwa wingi Ufaransa. Lakini Ulaya kaskazini kilinyweshwa na mvua, na Misri haina mvua ya kutosha.

Kampuni ya Sukari ya Delta iliundwa mwaka 1978, na kiwanda chake katika mkoa wa Kafr el-Sheikh kikaanza kazi mwaka 1982. Mahali hapo palifaa. Kaskazini ya Delta ndiko mwisho wa mifereji. Maji hufika yakiwa machache, na ardhi ina chumvi kwa kuwa bahari iko karibu. Kiazi sukari huvumilia chumvi. Hupandwa baada ya kiangazi, hukua wakati wa baridi na kung'olewa baada ya miezi sita au saba. Kwa feddani moja hutumia chini ya nusu ya maji yanayotakiwa na miwa. Kufikia miaka ya 2010 sukari ya kiazi ilikuwa imeipita ile ya miwa nchini humo.

Hatua iliyofuata ilikuwa jangwani. Mchanga haushiki maji. Ukifunguliwa mfereji, maji huzama kabla mizizi haijashiba. Huko ndiko umwagiliaji wa matone ulikopata nafasi. Njia hiyo ilianza kuenezwa kibiashara mwaka 1965 katika kijiji cha ujamaa cha Hatzerim, jangwa la Negev nchini Israel, kutokana na kazi ya mhandisi Simcha Blass. Mipira ya plastiki hulazwa kando ya mistari ya mimea, na vitundu vyake hudondosha maji kidogo kidogo penye mizizi. Ardhi iliyo katikati hubaki kavu, magugu hupungua, na maji hayapotei ovyo kwa jua.

Hata hivyo, njia hiyo ina masharti. Huhitaji pampu, chujio na fedha, na huhitaji maji kila siku chache, hali mkulima mdogo wa Delta hupata maji ya mfereji kwa zamu. Tena matone huacha chumvi pembezoni mwa udongo uliolowa. Pasipo mvua, mkulima hulazimika kuiosha kwa maji mengi.

Liko pia jambo zito zaidi. Katika Delta, maji yanayotoka katika shamba moja hurudi mtaroni, na mengi yake hutumiwa tena na mkulima wa chini. Anayeziba upotevu wake huenda akawa amemkausha jirani. Na maji yaliyookolewa yakipelekwa kufungua shamba jipya jangwani, mavuno huongezeka, lakini mto haurudishiwi hata ndoo moja.

Funzo hili linazihusu pia nchi za juu. Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri ulizizuia nchi zilizotawaliwa na Waingereza kujenga bila ridhaa ya Misri chochote kitakachopunguza maji yake. Tarehe 4 Julai, 1962, Tanganyika ilitamka kwamba mkataba huo hauifungi. Msimamo huo ulikuwa wa haki, lakini haki huja na wajibu. Huko Kagera, miwa humwagiliwa kwa maji ya Mto Kagera, unaoingia Ziwa Victoria na hatimaye Nile. Sukari hulimwa, basi, karibu na vyanzo vya mto huo na karibu na mdomo wake.

Mwaka 1999 nchi za bonde hilo zilikutana Dar es Salaam na kuunda chombo cha kushauriana. Kiazi kisicho na kiu na mpira wenye matone ni zana nzuri, lakini haviwezi kugawa maji. Kazi hiyo ni ya watu wanaokubali kuketi pamoja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikisha kujaa ni lazima ijulikane ni cha nani.