Kurasa za nyuma za kitabu



Majuzi nilikuwa Tanga kwa shughuli za kifamilia. Jioni moja nilikuwa nimeketi barazani kwa ndugu yangu kule Ngamiani, nikisubiri kahawa, wakapita wasichana wawili wenye sare za shule. Walikuwa wakibishana juu ya Takadini, ile hadithi ya Ben Hanson ya mtoto aliyezaliwa na ualbino, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa katika orodha ya vitabu vya sekondari. Mmoja alisema mama yake Takadini alifanya vyema kutoroka na mwanawe. Mwenzake akakataa kabisa. "Mimi ningebaki nikapambana nao," alisema. "Ukikimbia unawaachia ushindi wenye mila mbaya." Yule wa kwanza akacheka, akamwambia: "Haya, lakini usije ukaandika hayo kwenye mtihani. Kule wanataka dhamira na mafunzo."

Wakaenda zao. Kahawa ilipokuja nilikuwa bado nayafikiria maneno yale. Binti yule alikuwa amesoma kitabu, amekitafakari, akatoa maoni yake mwenyewe. Na tayari alikuwa amekwisha kufundishwa kwamba maoni hayo hayana mahali pa kuandikwa.

Ndugu zangu, vijana wa pwani hii ya kaskazini hawakuanza leo kubishana juu ya walichokisoma. Tanga ilikuwa na shule ya serikali tangu miaka ya 1890, wakati wa Mdachi. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule hiyo ikawa inachapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, ambalo liliendelea mpaka Vita Kuu ya kwanza. Kule Magila, karibu na Muheza, wamisionari wa Kiingereza nao walikuwa na gazeti lao, Habari za Mwezi. Katika magazeti hayo waliandika walimu na makarani, wengi wao vijana waliotoka shuleni juzi tu. Waliandika barua, walitunga mashairi, na mwenzao akisema jambo wasilolikubali walimjibu. Baada ya Mwingereza kuingia, likaja Mambo Leo mwaka 1923, na mazungumzo yale yakaendelea humo.

Lakini tangu mwanzo palikuwa na jambo moja ambalo halijatutoka mpaka leo. Watu wazima ndio waliochagua kijana asome nini. Mwaka 1929 zilitoka kwa Kiswahili Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, zilizofasiriwa na Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa kwanza wa kamati ya lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Zilikuwa hadithi nzuri, zenye bahari, hazina na hatari, na vijana walizipenda. Hata hivyo zilikuwa hadithi za safari za Wazungu, na aliyezichagua hakuwa msomaji.

Kisha akatokea mwenyeji. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 pale Vibambani, karibu na Machui, si mbali na Tanga mjini. Alifanya kazi ya ukarani wa forodha Pangani kwa miaka mingi, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali. Mwaka 1951, akiwa karani wa serikali ya kikoloni hapo hapo Tanga, alichapishiwa Kusadikika. Ni habari za nchi iliyo angani, ambako kijana Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huko kuitafutia nchi yao mambo mema, na waliporudi walitiwa gerezani.

Mjomba wangu alikisoma kitabu hicho katika miaka ya 1950, akiwa kijana wa shule. Alikuwa akitusimulia kwamba mwalimu aliwafundisha kuwa ni kitabu cha maadili: haki, subira na busara. Wao wakaitika. Lakini wakirudi nyumbani, njiani kati ya mikonge, waliulizana swali lingine kabisa: Majivuno huyu ni nani hapa kwetu? Wako waliosema ni Bwana Shauri. Wengine walisema hapana, ni yule akida wa zamani. Mmoja, mjomba alisema, alishikilia kuwa Majivuno ni baba yake mzazi, kwa kuwa kila aliloshauriwa nyumbani aliligeuza kuwa kosa. Waliangua kicheko, lakini hakuna aliyembishia.

Hayo hayakuwa kwenye maswali ya mwalimu. Waswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kitabu kilikuwa kimoja, na kila kijana alikisoma kwa kichwa chake na kwa nyumba aliyotoka.

Halafu akaja Bwana Msa na kiko chake. Muhammad Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Mwaka 1968 kikafuata Kisima cha Giningi. Sisi tuliokulia Tanga tulivipata vitabu hivi vikiwa vimechakaa, jalada limeshonwa kwa uzi. Palikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: aliyemaliza kusoma haruhusiwi kusema muuaji ni nani. Lakini aliruhusiwa kusema kama mwandishi amemtendea haki msomaji au amemdanganya. Tulikuwa na umri wa miaka 13 na 14, na juu ya hilo tulibishana mpaka adhana ya magharibi.

Mwaka 1971 ndipo mambo yalipochacha. Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe ambaye hata miaka 30 alikuwa hajafika, alitoa Rosa Mistika. Ni habari za msichana aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi. Alipotoka nyumbani kwenda shule, Rosa hakujua namna ya kuishi na uhuru, akaharibikiwa, na mwisho wake ukawa wa msiba. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni. Bila shaka mnajua kinachotokea kitabu kikikatazwa: hata asiyependa kusoma huanza kukitafuta.

Mimi nilikipata mwaka 1975, nikiwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni. Kililetwa na mwenzetu aliyetoka likizo, kimevalishwa jalada la kitabu cha hesabu. Kila mtu alipewa usiku mmoja. Waliokuwa na tochi walisomea chini ya blanketi, na wasiokuwa nayo walisoma alfajiri karibu na taa ya jikoni. Sijui nani alianza, lakini kilipofika kwangu, zile kurasa mbili tupu za nyuma zilikuwa zimekwisha kujaa maandishi ya penseli. Kila aliyemaliza alikuwa ameandika neno lake.

Wa kwanza aliandika kwamba Rosa alijitakia mwenyewe. Wa pili akaandika chini yake kuwa mkosa ni baba, kwa sababu mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wa tatu alilaumu shule. Mwingine aliandika mstari mmoja tu, kwamba alilia, na asionekane mtu wa kumcheka. Hatukuwa tumeambiwa na mtu yeyote tufanye hivyo. Niliandika na mimi. Naona haya kusema leo kwamba nilimuunga mkono yule wa kwanza.

Likizo ilipofika nikaenda nacho nyumbani, na dada yangu, aliyekuwa amenizidi mwaka mmoja, akakikuta chini ya godoro. Alikisoma siku mbili. Aliponirudishia nilikuta ameandika katika pembe iliyobaki, kwa herufi ndogo: "Nyote mmemhukumu Rosa na baba yake. Wanaume waliomchezea mbona hamkuwataja hata mmoja?"

Nilirudi nacho bweni. Wavulana waliposoma maneno yale, pakawa na mjadala ambao sijauona mfano wake katika darasa lolote nililowahi kukaa, na nimekaa madarasa mengi. Wako waliokasirika. Wako walionyamaza, nami nilikuwa mmoja wao. Yule wa kwanza kabisa, aliyesema Rosa alijitakia, alichukua penseli akapiga mstari juu ya maneno yake mwenyewe. Hakuandika mengine.

Wiki mbili baadaye kitabu kilikamatwa. Sitamtaja mwalimu wala shule, na sina kinyongo nao. Tulichapwa viboko sita kila mmoja, na kitabu kikatiwa katika moto wa jikoni mbele yetu. Mwalimu yule alikuwa mtu mwema aliyetuogopea. Alijua yanayowapata vijana, na alidhani akikichoma kitabu ameyachoma na hayo pia. Hakufungua kurasa za nyuma. Laiti angezifungua, angekuta humo mahubiri makali kuliko yake, yaliyoandikwa na watoto wenyewe.

Rosa Mistika ilipona. Nakala nyingine zilibaki, na alipofariki Kezilahabi mwaka 2020 alililiwa kama mmoja wa waandishi wetu wakubwa. Kitabu hicho naweza kukipata tena. Zile kurasa mbili za penseli siwezi kuzipata tena mahali popote.

Kwa nini nakumbusha haya sasa? Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Mmarekani Jeff Kinney, kwa sababu za maadili. Magazetini na redioni tuliwasikia wazazi, walimu na viongozi. Mimi ni mzazi na babu, na wala sisemi kwamba kila kitabu kinamfaa kila mtoto. Mlezi ana haki ya kuchagua, na ana wajibu wa kulinda. Lakini katika kelele zote zile sikumsikia kijana hata mmoja aliyeulizwa: wewe umekisoma, umeona nini humo?

Hilo ndilo kosa tunalolirudia tangu enzi za Mdachi. Tunabishana juu ya kile ambacho kitabu kitamfanyia kijana, kana kwamba kijana ni mtungi mtupu unaomiminiwa chochote. Vijana waliomtafuta Majivuno njiani kati ya mikonge hawakuwa mitungi mitupu. Wala hakuwa mtungi mtupu yule dada yangu, aliyeona katika kitabu jambo ambalo bweni zima la wavulana lilikuwa limelipita.

Mtihani una kazi yake, nami siupingi. Kujua dhamira na mbinu za mwandishi ni elimu. Lakini mwanafunzi anayeweza kutaja dhamira tano kwa moyo na asiweze kusema kama anakubaliana na hata moja kati ya hizo, huyo amekariri kitabu cha mtu. Hajakisoma. Na akishazoea kuyaficha maoni yake juu ya Takadini, tusishangae akiyaficha pia juu ya mambo ya mtaa wake na nchi yake.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mwalimu anaweza kutenga nusu saa kwa juma, bila maksi, watoto waseme walivyokiona kitabu. Maktaba ya shule inaweza kubandika karatasi tupu ndani ya jalada, kila msomaji aandike neno lake na mwingine amjibu. Nasi wazazi, tukimkuta mtoto na kitabu tusichokipenda, tukisome kwanza, kisha tumuulize.

Dada yangu siku hizi ni bibi, yuko Tanga, na ndiye aliyekuwa akinitengea kahawa jioni ile. Nilimsimulia maneno ya wale wasichana wawili. Aliniuliza swali moja tu: "Na wewe uliwaita, ukawaambia waandike hivyo hivyo?"

Sikuwaita. Ndiyo maana nimeyasema leo.