Haraka ya Matatu: Asili Yake na Sababu Zake

Mtu yeyote aliyepata kusafiri kwa matatu katika mji wa Nairobi anaijua haraka yake. Gari huondoka kituoni abiria hajaketi, hulipita jingine mahali pasipo halali, na pengine huipanda hata njia ya waendao kwa miguu. Wengi husema kwamba madereva hawa hawana adabu. Neno hilo lina ukweli kidogo, lakini halituelezi kwa nini watu wa tabia mbalimbali, wakishika usukani wa matatu, wote huwa na mwendo mmoja. Jawabu yafaa tulitafute katika historia ya kazi yenyewe.

Kampuni ya mabasi ilianza kazi Nairobi mwaka 1934. Watu walipozidi kumiminika mjini, hasa baada ya Uhuru wa mwaka 1963, mabasi hayakutosha. Wenye magari madogo wakaanza kuchukua abiria kwa nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Na inasemekana kwamba ndiyo asili ya jina matatu. Kazi hiyo haikuwa halali, kwa hiyo dereva alipaswa kupakia upesi na kuondoka upesi kabla askari hajatokea. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kuchukua abiria bila leseni maalumu. Hofu ya askari ikapungua, lakini haraka haikupungua, kwa sababu ilikuwa na mzizi mwingine.

Mzizi huo huitwa hesabu. Dereva wa matatu kwa kawaida hapewi mshahara wa mwezi. Kila jioni humpelekea mwenye gari kiasi kilichokwisha kukatwa, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake yeye na utingo wake. Tuseme hesabu ni shilingi 5,000. Asubuhi barabara imejaa magari, na saa mbili zimepotea bure. Mwenye gari hapunguzi hata senti. Basi dereva atazifidia saa hizo wapi, kama si pale barabara itakapokuwa wazi? Tena, abiria wangojao kituoni ni wa gari litakalotangulia kufika; la pili hukuta vumbi. Hivyo kila dakika ina bei yake, na dereva huinunua kwa mwendo.

Wala jambo hili si la Nairobi peke yake. Kuanzia mwaka 1922, mabasi ya watu binafsi yalishindana mbio katika barabara za London, yakinyang'anyana abiria. Mwaka 1933 mabasi ya mji huo yaliwekwa chini ya bodi moja, na dereva hakuwa tena na sababu ya kumkimbilia abiria.

Serikali ya Kenya nayo ilijaribu kuleta dawa. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004, ziliamuru mikanda ya usalama, na vidhibiti mwendo visivyoruhusu kuzidi kilomita 80 kwa saa. Ziliamuru pia dereva na utingo waajiriwe kwa mshahara wa mwezi. Mikanda na vidhibiti mwendo vilionekana barabarani, na askari aliweza kuvikagua. Lakini mshahara haukaguliwi barabarani. Wenye magari wengi waliendelea na hesabu, na madereva wengi wakajifunza kuvichezea vidhibiti mwendo.

Hatusemi kwamba dereva hana lawama. Mguu ulio juu ya mafuta ni wake, na roho za abiria zi mikononi mwake. Lakini ajali itokeapo, yeye ndiye asimamaye mahakamani, naye aliyekata hesabu yuko nyumbani. Maadamu malipo ya dereva yanategemea idadi ya safari, chombo cha kumzuia atakifungua usiku. Kanuni ya mshahara imekwisha kuandikwa. Iliyobaki ni kazi ya kuitimiza.