Watoto Wametangulia, Madarasa Yanafuata: Historia Fupi ya Shule za Kibaha

Ndugu zangu wa Kibaha, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kamati ya maandalizi iliniomba niandike "mambo ya hesabu kidogo" kwa ajili ya jarida letu la harambee ya mwaka huu. Nilijaribu, nikaona hesabu zenyewe hazieleweki bila kujua tulikotoka. Naomba mnivumilie nianze mbali kidogo.

Kila ninapojitambulisha huku mjini kwamba ni mtu wa Kibaha, mtu wa rika langu huniuliza: "Kumbe ulisoma Kibaha Sekondari?" Hapana, sikusoma. Wengi wetu hatukusoma. Shule ile ilitokana na mradi ulioanza mwaka 1963 kati ya serikali ya Tanganyika na nchi za Nordic, wazee wakauita "Nordic" mpaka leo. Lengo lilikuwa kupigana na ujinga, maradhi na umaskini, ndiyo maana pakajengwa sekondari, kituo cha afya na mahali pa kufundishia wakulima. Sekondari ilianza mwaka 1965. Januari 1970 mradi ukakabidhiwa serikali, likazaliwa Shirika la Elimu Kibaha. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alisoma pale miaka hiyo ya mwanzo. Ni fahari yetu na itabaki kuwa fahari yetu.

Lakini ile ilikuwa shule ya taifa. Vijana walichaguliwa kutoka kila pembe ya nchi, na mtoto wa Visiga au Mbwawa hakuwa na nafasi kubwa kuliko mtoto wa Kigoma kwa sababu tu mama yake anauza maandazi ng'ambo ya barabara. Silaumu, ndivyo shule za aina ile zilivyopangwa. Nasema tu kwamba historia ya shule za watu wa Kibaha wenyewe ni nyingine, na haikupigwa picha nyingi.

Nayo inaanzia kwenye miaka ya 1970. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Watoto wakaja. Walimu hawakuwapo wa kutosha, ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba na kufundishwa ualimu huku wakifanya kazi, hao tuliokuja kuwaita walimu wa UPE. Madarasa nayo hayakuwapo. Wazee wetu wakakata miti, wakakandika udongo, wakaezeka makuti. Tofali zilikuja baadaye, na bati baadaye zaidi.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1988, katika shule ambayo sitaitaja jina. Tulikaa chini. Kila mtoto alikuja na dumu la maji na mfagio, na kulikuwa na michango ya kila aina. Nilikuwa na mwandiko mzuri, basi nilipofika darasa la sita mwalimu alinipa kazi ya kuandika kwenye daftari nani ametoa na nani bado. Asubuhi majina ya "bado" yalisomwa mstarini na wenye majina hayo wakarudishwa nyumbani. Siku moja nililiandika jina la mdogo wangu mwenyewe. Hakuna aliyepewa stakabadhi, na hakuna mzazi aliyewahi kusomewa fedha zile zilifanya nini. Nimekuwa mhasibu kwa zaidi ya miaka ishirini sasa na bado nalikumbuka lile daftari la kava la kijani.

Kisha ikaja MMEM. Ada ya shule ya msingi, shilingi 2,000 kwa mwaka, ilifutwa mwaka 2001, na mpango wenyewe ukaanza mwaka 2002. Watoto wa miaka kumi na zaidi waliandikishwa darasa la kwanza pamoja na wadogo zao. Fedha ya ruzuku ilipangwa kuwa dola kumi kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikuwa kama shilingi 10,000. Shikeni hiyo namba, nitairudia.

Walipokaribia kumaliza darasa la saba, tukagundua kwamba hakuna mahali pa kuwapeleka. Waliofaulu walikuwa wengi kuliko viti vya sekondari vilivyokuwapo nchi nzima. Hapo ndipo zikaja shule za kata chini ya MMES, mpango ulioanza mwaka 2004, na msukumo mkubwa ukatolewa na Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu. Watu walizicheka, wakaziita "yeboyebo". Nyingi zilifunguliwa zikiwa na madarasa mawili, bila maabara, na walimu wa kuhesabu kwa vidole. Hata hivyo ndizo shule za kwanza za sekondari ambazo mtoto wa Kongowe au Pangani aliweza kwenda asubuhi na kurudi jioni kula kwao. Binti wa dada yangu alisoma yeboyebo, leo ni muuguzi.

Wakati huohuo mji wa Dar es Salaam ulikuwa unatufuata. Tulizoea kusema "naenda Dar" kama mtu anayesafiri. Siku hizi mtu analala Picha ya Ndege au Maili Moja na kufanya kazi Kariakoo. Viwanja vya Mbezi na Kimara vilipopanda bei watu wakavuka Kiluvya. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ikapanuliwa, na viwanda vikaongezeka. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022 idadi ya watu wa Kibaha Mjini imekuwa zaidi ya mara mbili. Mashamba ya mikorosho yamekuwa mitaa yenye mageti, na kila geti lina watoto. Wako wanaopanda mabasi ya njano kwenda shule za kulipia, lakini wengi wanakwenda hizihizi za Kayumba zilizojengwa na babu zetu kwa ajili ya kijiji.

Mwaka 2016 likaja la elimumsingi bila ada. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na mimi mwenye kumbukumbu ya lile daftari nilishangilia. Januari 2018 Rais Magufuli alikemea michango tena, akaagiza anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi na si kwa mwalimu. Michango ya hiari haikukatazwa. Lakini mitaani ujumbe uliofika ni mfupi zaidi: "Serikali imesema tusitoe." Maboma yakasimama. Tulijenga kwa nguvu za wananchi hadi kwenye lenta, tukasubiri serikali ipaue, na serikali nayo ilikuwa na maboma ya nchi nzima.

Sasa turudi kwenye ile namba. Ruzuku iliyotumika kwenye elimu bila ada ilibaki shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu, 6,000 zikaenda shuleni. Shilingi ni ileile ya mwaka 2002, ila leo haifiki dola tano. Chukua shule yenye watoto 1,500. Inapata milioni tisa kwa mwaka, yaani 750,000 kwa mwezi, za chaki, mitihani, ukarabati na michezo. Hakuna mwalimu mkuu, hata awe mwaminifu kama malaika, atakayejenga darasa kutoka kwenye hizo. Madarasa hutoka kwingine. Mwishoni mwa 2021 yalitoka kwenye mkopo wa UVIKO-19, madarasa 15,000 nchi nzima, na Kibaha nayo ilipata sehemu yake. Tulishukuru. Watoto waliyajaza.

Katika miaka yote hii jambo moja limejirudia: mlango unafunguliwa, watoto wanaingia, kisha tunaanza kutafuta tofali. Safari hii kuna tofauti ndogo, kwamba tarehe tunaijua mapema. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi ni miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 wote wataingia kidato cha kwanza, ambacho sasa ni elimu ya lazima. Sekondari ya kata inayopokea mikondo minne itatakiwa kupokea minane, katika mji ambao ulikuwa unafurika hata bila hilo.

Ndiyo maana kamati imeamua kwamba fedha za mwaka huu zisigawanywe vipande vipande kwenye madawati na jezi, ziende kwenye kumalizia maboma ya sekondari. Jengo lililofika lenta limeshalipiwa sehemu kubwa na wazazi wetu, kinachodaiwa ni kupaua, sakafu, milango na matundu ya vyoo. Fedha zitapitia kwa mkurugenzi kama utaratibu unavyotaka, na hesabu zake tutazisoma hadharani mkutano ujao. Orodha ya maboma iko ukurasa wa mwisho. La tatu kwenye orodha nalijua vizuri, liko karibu na kwa mama. Mpapai umeota katikati ya darasa na mwaka huu umezaa.

Siku ya harambee nitakaa meza ya mlangoni. Anayetoa milioni na anayetoa elfu mbili, kila mmoja ataondoka na stakabadhi mkononi. Asiyekuwa nacho aingie, ale, akae na wenzake. Hakuna jina litakalosomwa.