Kura 16 zilizohama usiku mmoja

Kazi yangu ni kuandika programu. Programu ikitoa jibu la ajabu, hukimbilia kumbukumbu zake: nani aliingia, saa ngapi, akabadili nini. Leo tuangalie mfumo usio na kumbukumbu hizo, yaani kura za siri za mataifa.

Tarehe 17 Juni 2020 Kenya na Djibouti ziligombea kiti cha Afrika katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Kenya 113, Djibouti 78. Ushindi ulihitaji theluthi mbili, yaani 128, hivyo kesho yake wakarudia: Kenya 129, Djibouti 62. Jumlisha mwenyewe, msomaji. Siku zote mbili ni 191. Basi kama kura 16 zililala kwa Djibouti zikaamkia kwa Kenya! Za nani? Kwa ahadi gani? Karatasi hazisemi.

Mimi ni mtu wa Rhamu, kando ya mto Daua, ng'ambo ni Ethiopia. Kwetu kura za wakubwa si habari za mbali. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilipita NFD ikakuta Wasomali, waliokuwa wengi, wanataka kuungana na Somalia. Waingereza wakaiacha ndani ya Kenya. Julai 1964, mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukapitisha azimio lililoletwa na Nyerere: mipaka iliyokutwa siku ya uhuru iheshimiwe. Somalia na Moroko zikalikataa.

Je, wakuu wale waliifikiria Rhamu? Sidhani. Wengi walikuwa na Rhamu yao nyumbani, wakaogopa. Somalia nayo ilikataa kwa sababu ilitaka ardhi. Juni 1977 askari wake waliishambulia Rhamu wakielekea Ethiopia.

Sisemi azimio lilikuwa baya. Huenda limezuia vita vingi. Ninachosema ni kwamba maslahi hayakosekani kwenye kura. Tofauti ni kuwa waliokataa mwaka 1964 tunawajua, tunaweza kuwauliza. Wale 16 hatuwajui.

Wapo watakaosema siri humlinda mnyonge asitishwe na mkubwa. Kweli. Ila mimi nikiingia kituoni hapa Rhamu najipigia kura mwenyewe, siri ni haki yangu. Balozi anapiga kwa jina langu. Kumbukumbu yake anamficha nani, kama si mimi?

Haya, nipeni mawazo yenu.