Nani Mwenye Mlango? Uteuzi wa Wachoraji wa Kongo, 1926–1989

Historia ya uchoraji nchini Kongo huandikwa kwa kawaida kama historia ya wachoraji wenyewe. Makala haya yanaitazama kutoka upande wa pili, upande wa wale waliosimama mlangoni: waliozikagua kazi za wengine, wakaamua ipi iingie katika maonyesho na ipi irudi nyumbani na mwenyewe. Kwa mtu anayekula kwa brashi yake, uamuzi huo ni suala la unga na kodi ya nyumba.

Yafaa kuanzia Bukama, Katanga. Mwaka 1926 mtumishi wa serikali ya kikoloni, Mbelgiji Georges Thiry, aliona nyumba zilizopambwa kwa michoro ukutani, akauliza aliyezichora. Akaonyeshwa Albert Lubaki, ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, kisha akazipeleka picha zake Brussels kwa Gaston-Denys Périer, aliyekuwa akifanya kazi katika Wizara ya Makoloni. Mwaka 1929 zilionyeshwa katika Palais des Beaux-Arts mjini humo, na mwaka uliofuata huko Geneva. Lubaki hakuomba kuonyeshwa, wala hakusafiri na picha zake. Uteuzi wote ulifanywa na watu wawili kwa barua. Mkewe, Antoinette, naye alichora, lakini kwa muda mrefu jina lake lilifunikwa na la mumewe. Walioandika orodha hawakuona haja ya kutenganisha mikono miwili ya nyumba moja. Inaonekana kwamba mlango uliofunguliwa na mtu mmoja hufungwa pia na mtu mmoja, kwani baada ya miaka michache hamu ya Ulaya ilipoa na wachoraji hao wakasahauliwa hata kwao.

Miaka ishirini baadaye mlango ulihamia Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyewahi kuwa mwanamaji, alianzisha karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Hapo ndipo walipoinukia Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi iliyosukwa kama mkeka, na Bela Sara aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Desfossés aliwakataza kuiga picha za Kizungu. Alitaka wachore yaliyomo vichwani mwao. Sharti hilo lina sura mbili. Liliwakinga wasigeuzwe wanakili wa kadi za posta, na ubora wa kazi zao unashuhudia jambo hilo. Hata hivyo, lilimfanya mwalimu kuwa ndiye mwamuzi wa Uafrika wa Mwafrika. Mchoraji aliyetaka kuchora baiskeli, bomba la moshi la kiwanda cha shaba, au askari akimcharaza mfungwa, hakuwa na nafasi katika bustani ile ya swala na nyoka. Desfossés alipofariki mwaka 1954, karakana iliunganishwa na chuo cha sanaa ambacho Laurent Moonens alikuwa amekianzisha mjini humo mwaka 1951, na mlango ukawa wa shule: mtihani, cheti na mwalimu.

Yaliyoachwa nje ya bustani yalikwenda barabarani. Katika miaka ya 1960 na 1970 walitokea mjini Lubumbashi wachoraji wengi wasiopita chuoni, waliochora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakazunguka na picha zao mlango kwa mlango. Wateja wao wakubwa walikuwa wafanyakazi na makarani waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliozichunguza picha hizo katika miaka ya 1970, walionyesha kwamba wenyeji walikuwa na neno la kupimia: ukumbusho. Picha nzuri ni ile inayokumbusha, inayomfanya mgeni aliyeketi aulize na mwenye nyumba asimulie. Kiswahili cha Lubumbashi kina tofauti zake na kile cha Bukavu au cha Luvungi katika bonde la Ruzizi, lakini msemaji wa huko asingehitaji kutafsiriwa neno hilo. Kwa wanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina uzito: hapa kuna istilahi ya uhakiki wa sanaa iliyozaliwa katika lugha yenyewe, sebuleni, bila kamati ya istilahi.

Isidhaniwe kwamba barabara ilikuwa huru. Mnunuzi naye ni jopo, tena jopo gumu. Alitaka picha zinazojulikana: mamba muntu, yaani nguva anayetoa utajiri kwa masharti, kijiji cha wahenga, na ile iliyoitwa Colonie belge, ambapo mfungwa anachapwa viboko chini ya bendera ya Ubelgiji. Aliyechora nje ya orodha hiyo alirudi na picha yake kwapani. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alijiona mwanahistoria na alitamani kuichora historia nzima ya nchi yake, tangu enzi za wahenga hadi utawala wa Mobutu. Soko lilimruhusu vipande tu. Alipokutana na Fabian mwaka 1973 ndipo alipompata mtu aliye tayari kuununua mfululizo mzima; akachora picha mia moja na moja, na akazieleza kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Historia ya Kongo iliyokusudiwa kuwakumbusha Wakongo ikaenda hivyo Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Penginepo barabara yenyewe iliwekewa mlango. Huko New York, maonyesho ya Washington Square yalianza mwaka 1931, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kwa wachoraji kutandaza kazi zao kando ya njia. Huko Ann Arbor gulio la sanaa lilianza mwaka 1960. Baadaye ilikuwa desturi ya magulio kama hayo kumtaka msanii alipe ada ya maombi na kutuma slaidi chache, ambazo waamuzi walizitazama kwa sekunde kadhaa bila kujua jina lake. Utaratibu huo hupunguza upendeleo, lakini pia humnyima msanii kile alichokuwa nacho Tshibumba, yaani nafasi ya kusimulia.

Kinshasa ilipata njia yake. Chéri Samba alifungua karakana mwaka 1975, akatundika picha nje, na akaanza kuandika maneno juu yake ili wapita njia wasimame kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1978 maonyesho yaliyoitwa Art Partout yaliwaingiza wachoraji wa barabarani, Samba na Moke miongoni mwao, katika Chuo cha Sanaa cha mji huo, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kusoma.

Katika kipindi hichohicho Bodys Isek Kingelez alipeleka kwenye taasisi ya taifa ya makumbusho jengo dogo alilolibuni kwa karatasi na gundi. Wataalamu hawakuamini kwamba ni lake. Walimshuku kuwa ameliiba. Wakamtaka atengeneze jingine, akalitengeneza. Ndipo walipomwajiri, na kwa miaka kadhaa kazi yake ikawa kukarabati vinyago vya watu wengine, hadi alipoiacha ajira hiyo akarudia majengo yake, ambayo Paris iliyatazama mwaka 1989 katika maonyesho ya Magiciens de la terre, pamoja na picha za Samba.